Ubudha wa kujihusisha na jamii ni nini?

Wengi wetu tukisikia Ubudha tunamfikiria mtu aliyekaa kimya, kafumba macho, mambo ya dunia kayapa mgongo. Ubudha wa kujihusisha na jamii unaikataa picha hiyo. Wafuasi wake wanasema mafundisho ya Buddha kuhusu mateso na vyanzo vyake hayaishii moyoni mwa mtu mmoja. Vita, ubaguzi na ufyekaji wa misitu navyo ni mateso yenye vyanzo, na vyanzo hivyo vinataka kazi, si kutafakari tu.

Jina hili lilienezwa na Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam. Miaka ya 1960, vita vikiwaka, aliwaandaa vijana waende vijijini kujenga upya nyumba zilizopigwa mabomu na kufungua shule na zahanati. Hawakuegemea upande wowote, hivyo pande zote ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kuomba amani, akakutana na Martin Luther King Jr. Mwaka uliofuata King akampendekeza kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mchungaji wa Kibaptisti kumsemea mtawa wa Kibudha: kwangu hayo ni mazungumzo ya dini yenye uzito kuliko makongamano mengi ya kupiga picha.

Katika haki za binadamu, India ina B. R. Ambedkar, mwanasheria na mwanasiasa, ambaye tarehe 14 Oktoba 1956 aliingia Ubudha mjini Nagpur pamoja na maelfu kwa maelfu ya Wadalit, watu waliowekwa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu, wakiukana mfumo huo.

Kwa mazingira, tutazame Thailand. Mafuriko ya 1988 yalihusishwa na ukataji miti, na mwaka 1989 serikali ikapiga marufuku uvunaji wa magogo katika misitu ya asili. Marufuku ya karatasi, bila shaka, haimzuii mwenye msumeno. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 watawa wa kaskazini walianza kuipa miti utawa: wanachagua mti mkubwa, wanausomea sala, kisha wanauzungushia kitambaa cha manjano kama joho lao. Mti haugeuki mtawa, na wao wenyewe husema hivyo waziwazi. Ila mwanakijiji akiinua shoka mbele ya joho, mkono unasita. Katika baadhi ya sherehe viongozi wa vijiji hunywa maji yaliyobarikiwa kama kiapo cha kuulinda msitu. Wenye mamlaka hawakufurahi wote. Mwaka 1991 mtawa Prachak Khuttajitto, mtetezi wa msitu wa Buriram, alikamatwa.

Lakini kuingia katika mambo ya jamii pekee hakutoshi kuwa kigezo. Nchini Myanmar, watawa waliandamana kuupinga utawala wa kijeshi mwaka 2007. Miaka michache baadaye watawa wengine, Wirathu akiwa mbele, walihubiri chuki dhidi ya Waislamu. Hao nao walikuwa wamejihusisha na jamii, tena sana. Kinyume chao, mtandao wa kimataifa wa Wabudha wanaojihusisha na jamii, ulioanzishwa mwaka 1989 na Sulak Sivaraksa wa Thailand na wenzake, umekuwa ukiwakalisha pamoja viongozi wa Kibudha na wa Kiislamu.