Mwaka mmoja wa kudai paa: sheria ya bima ya nyumba Florida ilivyogeuka

Usiku wa Oktoba 9, 2024 kimbunga Milton kilitua Siesta Key, na upepo wake ukalichana paa la kitambaa la uwanja wa Tropicana Field pale St. Petersburg. Picha ile iliizunguka dunia. Siku zilizofuata mimi nilikuwa juu ya mapaa ambayo hakuna aliyeyapiga picha, chaki mkononi, nikitia alama kila kigae cha lami kilichokunjwa na upepo. Kigae cha namna hiyo ni kidanganyifu: upepo ukiisha kinajilaza tena, ukikitazama kutoka chini utasema ni kizima. Mpaka ukiinue kwa vidole ndipo unaona mstari wa mkunjo, na zile chembe za mawe zimepukutika juu yake. Mstari huo ndio unaoamua kampuni ilipe au isilipe.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hasara za nyumba, na Waswahili wenzangu wa huku wananiuliza swali lile lile kila msimu wa vimbunga: sheria imebadilika, sasa tunalipwa au hatulipwi?

Kwanza tuelewane kuhusu neno "sheria". Tanzania TIRA inasimamia bima ya nchi nzima, na Kenya wana IRA. Marekani sivyo. Kwa sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945, usimamizi wa bima uliachwa mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina kanuni zake na msimamizi wake. Ndugu yako aliyeko Texas akikwambia ana muda fulani wa kudai, muda huo ni wake, si wako. Ninayoeleza hapa ni ya Florida tu.

Florida ilikuwa inaumwa kweli. Kwa hesabu za ofisi ya bima ya jimbo, mwaka 2019 Florida ilikuwa na takriban asilimia 8 ya madai ya bima za nyumba nchini, lakini kesi zilizofunguliwa dhidi ya kampuni zilikuwa asilimia 76 ya kesi zote za nchi. Chanzo kimoja kilikuwa kifungu cha tangu karne ya 19: mwenye nyumba akiishinda kampuni mahakamani, kampuni inamlipa wakili wake, akishindwa, hadaiwi gharama za wakili wa kampuni. Kifungu hicho kilitungwa kwa nia njema, kwa sababu mtu mmoja hawezi kupimana nguvu na kampuni. Lakini kilikutana na kitu kingine, hati ya kumkabidhi fundi haki ya kudai. Fundi wa paa anagonga mlango: "Mama, paa lako limeharibika, nitakuwekea jipya na hutatoa hata senti, tia saini hapa." Baada ya saini, madai ni yake. Anaandika bei anayotaka, kampuni ikigoma anakwenda na wakili, na mwenye nyumba anakuja kusikia jina lake limo kwenye kesi asiyoijua. Nimekutana na wazee walioshangaa hivyo hivyo, miwani puani, wakisoma karatasi ya mahakama mezani jikoni.

Kanuni za ujenzi nazo zilisaidia kuwasha moto. Ukitengeneza zaidi ya robo ya sehemu ya paa ndani ya miezi 12, ilibidi sehemu hiyo yote ifikishwe kwenye kiwango kipya. Vigae vichache vilivyoruka viligeuka paa zima. Mei 2022 wabunge walilegeza hilo: paa lililojengwa kwa kanuni za 2007 au za baadaye, unatengeneza palipoharibika tu. Kikao hicho hicho kilizuia kampuni kukataa nyumba kwa sababu tu ya umri wa paa kama paa halijafika miaka 15.

Hayo hayakutosha. Mwaka huo kampuni kadhaa zilifilisika, bei ya bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni za bima zenyewe hujikatia, ilipanda, na Septemba 28 kimbunga Ian kikapiga kusini magharibi. Walioachwa bila kampuni walikimbilia Citizens, shirika la bima lililoundwa na jimbo, hadi mwaka 2023 likawa na mikataba zaidi ya milioni 1.3.

Sheria kubwa ilitiwa saini na Gavana Ron DeSantis Desemba 16, 2022. Iliondoa malipo yale ya wakili kwenye bima za nyumba. Ilipiga marufuku hati za kukabidhi madai kwa mikataba inayotolewa kuanzia Januari 1, 2023. Muda wa kutoa taarifa ya hasara ukashuka kutoka miaka 2 hadi mwaka 1 tangu siku ya hasara, na madai ya nyongeza, yaani ya kuongezea hasara ile ile uliyokwisha kuidai, kutoka miaka 3 hadi miezi 18. Kwa Milton, mlango wa madai mapya ulifungwa Oktoba 9, 2025, na wa nyongeza Aprili 9, 2026.

Wengi wanaishia hapo na kusema sheria ni ya kampuni tu. Hapana, kampuni nazo zilibanwa. Zina siku 7 za kukiri kupokea madai badala ya 14. Zina siku 60 za kulipa au kukataa, ambapo zamani zilikuwa 90. Na mwaka 2023 ikaja sheria nyingine iliyonigusa mimi binafsi: kampuni haiwezi tena kubadilisha ripoti ya mkaguzi na kupunguza makadirio ya hasara bila kueleza kwa kina kwa nini imebadilisha. Mkaguzi anayepanda paa saa sita mchana Agosti anajua uzito wa jambo hilo.

Kampuni mpya zimeingia sokoni, na mwisho wa 2024 Citizens ilikuwa chini ya mikataba milioni 1. Sibishi kwamba dawa imefanya kazi. Ninachobishia ni kipimo chake.

Dada mmoja, muuguzi kutoka Mombasa, nyumba yake ilipigwa na Milton. Nyumba ina bima ya dola 300,000, na kwa hasara za kimbunga anabeba mwenyewe asilimia 2, yaani dola 6,000 za mwanzo. Kampuni ilikadiria hasara dola 4,800. Alipata barua, hakupata hundi. Januari doa la rangi ya chai likatokea kwenye dari ya chumba cha watoto, na fundi akakadiria dola 14,000. Akampigia wakili mmoja, wa pili, wa tatu. Wote walimsikiliza kwa adabu na wote walikataa, maana wakili sasa analipwa kutoka mfukoni mwa mteja, na dola 8,000 zinazobishaniwa hazimlipi. "Kaka," aliniuliza, "sasa haki yangu nikaidai kwa nani?"

Hapa ndipo naona wabunge walikata pasipo na ugonjwa. Wangeweza kuacha malipo ya wakili kwa madai madogo, au pale kampuni inapothibitika imekadiria nusu ya hasara halisi.

Nilimwelekeza kwenye usuluhishi wa Idara ya Huduma za Fedha ya Florida. Si watu wengi wanaoujua, na gharama zake hubebwa na kampuni. Kabla ya hapo alituma madai ya nyongeza kwa maandishi, akaambatanisha picha ya dari yenye tarehe na picha nne za vigae vilivyoinuliwa kwa vidole, mkunjo ukionekana. Tulipitia mkataba wake wote kutafuta kifungu cha kupeleka mgogoro kwa mwamuzi badala ya mahakama. Sheria ya 2022 inaruhusu kampuni kukiuza kwa punguzo la bei, ila kwa saini yako ya pekee. Hakuwa amekisaini.

Yeye na kampuni walikaa mezani kwa muda wa saa mbili. Mkaguzi wa pili alipanda paa wiki iliyofuata, naye akatoka na chaki.