Kamera ya gari ikifika kizimbani: yanayosemwa vijiweni na yaliyo kwenye sheria

Ukikaa na madereva wa malori pale Makambako, sahani ya wali mkononi na injini zikipoa, hukosi kusikia ubishi wa kamera za dashibodi. Mmoja ataapa kwamba video ndiyo mwisho wa kesi. Mwenzake atasema mahakamani hazipokelewi kabisa. Wote wamekosea, ila si kwa kiasi kimoja.

"Mahakama inataka karatasi, video haipokelewi"

Hilo lilishapita. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Tanzania, Divisheni ya Biashara, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, ilikubali kumbukumbu za benki zilizotolewa kwenye kompyuta. Mwaka 2007 Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa, ikataja waziwazi rekodi za sauti na video katika kesi za jinai. Kisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

"Video ninayo, kwa hiyo nimeshashinda"

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kupokelewa ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Sheria hiyohiyo ya 2015 inamtaka hakimu apime rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kutumwa, ilivyolindwa isichezewe, na jinsi aliyeitengeneza anavyotambulika. Wakazi wa Iringa wana mfano wa nyumbani: kesi ya kupinga matokeo ya ubunge wa Mafinga Mjini ya 2015, William Mungai dhidi ya Cosato Chumi, iliyosikilizwa Mahakama Kuu Iringa. Mpaka leo mawakili huitaja wakibishania uthibitisho wa ushahidi wa kielektroniki.

Sasa itazame kamera yako kwa jicho la wakili wa upande wa pili. Kamera nyingi hurekodi kwa mzunguko: kadi ya kumbukumbu ikijaa, vipande vya zamani vinafutwa. Umegongwa mteremko wa Iwambi asubuhi, gari bado linatembea, ukasema ngoja nifike Tunduma kwanza. Ukikaa foleni ya mpakani kamera ikiwa imewaka, tukio linaweza kuwa limeshafutwa. Zipo zenye kihisi cha mtikisiko kinachofunga kipande cha ajali kisifutwe, lakini ukikwaruzwa taratibu ubavuni, kihisi kinaweza kisishtuke. Halafu kuna saa. Betri ya ndani ikifa, kamera inaweza kurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na ajali ya mwezi uliopita ikasomeka ya 2018. Jambo dogo, lakini litakula nusu saa nzima ya maswali.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni la WhatsApp. Mtu anamtumia wakili kipande kilichobanwa na kukatwa, kisha kadi anairudisha kwenye kamera iendelee na kazi! Kadi yenye faili la awali ndiyo ya kutoa na kuhifadhi. Na wa kuiwasilisha mahakamani awe mtu anayeweza kueleza kamera inavyofanya kazi, nani aliishika kadi na ilikaa wapi.

"Kurekodi watu barabarani ni kuvunja faragha"

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu, familia, maskani na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo imeacha nafasi kwa shughuli binafsi za mtu na kwa kuzuia au kubaini uhalifu. Gari lako dogo linaloshuka Kitonga likirekodi kona zilizo mbele yake, sioni kosa hapo.

Kampuni ya mabasi ni habari nyingine. Ikirekodi abiria ndani, tena na sauti zao, inakusanya taarifa binafsi kibiashara: ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na abiria waambiwe kuwa wanarekodiwa na kwa sababu gani. Mama anayeongea na daktari wake kwa simu tangu Mafinga mpaka Igawa hakupanda basi ili arekodiwe. (Kwa gari binafsi pia, maikrofoni ya ndani heri uizime. Ushahidi wa ajali hauhitaji umbea wa shemeji.)

"Video ni yangu, naitupia mtandaoni"

Kurekodi kwa ajili ya usalama hakukupi ruhusa ya kusambaza sura ya majeruhi. Chini ya sheria ileile ya 2022, kwa anayekusanya taarifa za watu kisha akazitoa kwa lengo jingine, faini kwa mtu binafsi inafika shilingi milioni 20, kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili.

"Trafiki akitaka kadi, nimpe tu yaishe"

Polisi anayepeleleza ana mamlaka ya kuchukua kielelezo, na sheria inamtaka akupe stakabadhi. Isomeke ni kadi gani, imechukuliwa lini, kaipokea nani, na sahihi zenu. Ukipata nafasi, nakili faili kwanza bila kufungua wala kukata chochote, kisha ile stakabadhi iweke pamoja na kadi ya gari na bima.