Kura Huja Mwisho: Sheria za OpenStreetMap Zinavyozaliwa

Vijana ninaowafundisha kuchora ramani hapa Goma huniuliza mapema: sheria za OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ametia sahihi nani? Wamezoea karatasi zenye muhuri. Huku muhuri haupo. Tangu mradi uanzishwe Uingereza mwaka 2004, mchangiaji ana ruhusa ya kutumia lebo yoyote anayoona inafaa, yaani maneno mafupi yanayoeleza kitu kilichochorwa ni nini. Wenzake wakiielewa, wataiiga, wasipoiiga, imekufa. Ndiyo maana kabla hawajabuni lebo ya bomba la maji la mtaa nawafungulia Taginfo, tovuti inayohesabu lebo zote za ramani hiyo, waone wengine duniani wameandika nini na mara ngapi.

Anayetaka lebo yake itambuliwe rasmi huandika pendekezo kwenye wiki ya mradi. Linajadiliwa wiki 2 au zaidi, kisha linapigiwa kura kwa muda kama huo. Linapita likipata kura za ndiyo zisizopungua 8, zikiwa angalau asilimia 75. Nane, kwa ramani ya dunia nzima! Lakini matokeo hayo hayamfungi mtu. Zipo lebo zilizopita na hakuna anayezigusa, na zipo zilizoenea kote bila kupigiwa kura hata siku moja.

Mfano ninaoupenda ni wa barabara. Madaraja yake, yaani ngazi za umuhimu kuanzia barabara kuu hadi njia ya shamba, yalichukuliwa Uingereza, kwenye lami. Mtu wa mbali akitazama picha ya setilaiti, barabara yetu ya vumbi anaweza kuiita njia ya shamba, kumbe ndiyo inayolisha mji. Wachoraji wakajadiliana hadi ukapatikana mwongozo wa Afrika: daraja hufuata kazi ya barabara, na hali ya uso wake huandikwa kwenye lebo nyingine, ya peke yake. Kwa hesabu hiyo, barabara ya Rutshuru ni barabara kuu hata ikiwa matope matupu. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoikata Mei 2021, kilichohitaji kurekebishwa ni kipande kilichofunikwa, daraja lake la umuhimu likabaki lilelile.

Leseni, yaani masharti ya kutumia data ya ramani, haikuachiwa mazoea, na naona ni sawa, maana hapo kuna haki za watu kisheria. Mradi ulipohamia leseni mpya Septemba 2012, kila mchangiaji alikuwa ameombwa kukubali kwanza. Michango ya waliokataa iliondolewa, mitaa mingine ikabidi ichorwe upya.