Nani kawaambia kumkatalia mteja ni utovu wa adabu?

Nimeisikia tena juzi, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja: "Dada, mteja hakataliwi, ukimwambia huwezi umemvunjia heshima." Kazi yangu ni kuwafundisha wazabuni wadogo hapa Tanga, watu wa sare, vyakula, usafi, vifaa vya ofisi. Tangu bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, lipangiwe kuishia hapa Chongoleani, na gati letu lichimbwe meli kubwa zifunge bandarini badala ya kushushia mzigo katikati ya maji, wengi wao wamepata oda ambazo zamani zilikuwa zinaishia Dar. Zinavyopotea ndo kunaniuma, maana bei zao nzuri, kazi yao nzuri, wanaponzwa na imani hii.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa kijana mmoja Ngamiani, fundi kweli kweli, mshono wake ukiugeuza ndani huoni hata uzi unaoning'inia. Alikuwa na oda ya ovaroli 60 za kukabidhi Ijumaa. Siku hiyo Jumanne, kitambaa kimekwama kwa muuzaji wake Dar, mezani zimekunjwa 35, na anajua fika hizo 25 zilizobaki haziwezekani. Simu ikaita, mteja huyo. Akapokea na tabasamu lake, "Usijali bosi, zipo hatua za mwisho kabisa, Ijumaa inshallah." Nikamuuliza mbona umemwambia hivyo wakati kitambaa huna? Akanishangaa, "Sasa dada ningemjibu vibaya?" Alhamisi nikapita tena, simu imelazwa kifudifudi kwenye meza ya cherehani inatetemeka, inanyamaza, inatetemeka tena, hapokei, anaona haya.

Haya yake naielewa, tumelelewa hivyo na ni malezi mazuri. Lakini hebu kaa upande wa yule anayepiga. Kwenye zile saiti huna ovaroli, helmeti na buti, getini huingii, kwa hiyo kuna watu 25 wanatakiwa kuanza kazi na hawatoingia, na anayeulizwa na wakubwa zake ni ofisa ununuzi aliyekupa wewe oda kwa kukuamini. Angeambiwa Jumanne alikuwa bado ana njia, Dar ni kama kilomita 350, mzigo ukipakiwa kwenye basi la asubuhi jioni unaupokea stendi ya Kange, au angepanga wale 35 waanze wengine wasubiri wiki ijayo. Ukija kumwambia Ijumaa jioni umemfungia milango yote, halafu unashangaa oda ya pili haiji, na mkataba ukiwa na kipengele cha fidia ya kuchelewa unakatwa na hela juu.

Na lugha ya kukatalia kwa heshima tunayo, sisi watu wa pwani tena! Niwie radhi, hilo kwa wiki hii litakuwa gumu kwangu, naweza nusu yake, sitaki nikuahidi nikuangushe. Halafu naomba tuiache inshallah ifanye kazi yake. Ni neno la mtu aliyenuia kutenda, ukilisema huku moyoni unajua kabisa kitambaa hakipo umemkosea mteja na umelikosea na lenyewe.

Yule kijana nilimwandikisha meseji pale pale, na kila darasa naitoa hii kama mfano: "Habari za asubuhi. Ovaroli 35 ziko tayari, nazileta kesho Ijumaa saa 4 asubuhi. 25 zilizobaki kitambaa kimechelewa Dar, nitazikabidhi Jumatano. Kama hamuwezi kusubiri naomba mniambie leo mtafute kwingine, na mniwie radhi sana." Basi, imetosha. Kilichopo, kilichokwama, lini, na nafasi ya yeye kuamua. Itume kabla hajauliza, na iwe maandishi, siyo voisi ya dakika nne uko kwenye bajaji, maana hiyo meseji yeye anaifowadi kwa bosi wake kama ilivyo. Kijana alituma mkono unamtetemeka. Majibu yakaja baada ya dakika chache, "Sawa, leta 35, ila siku nyingine sema mapema." Mteja bado anaye.

Kuna wanaosema WhatsApp siyo rasmi, tulikuwa tunachati tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu 2015 na meseji inaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo ukiandika "sawa bosi" kwenye bei jua umeandika.

Wengine wananiuliza, lazima suti ndo mteja akuheshimu? Kwa joto letu hili shati safi lililopigwa pasi linatosha, na ukiitwa saiti vaa buti, viatu vya kung'aa vitakuishia getini.

"Kumpelekea ofisa ununuzi chochote ni ukarimu wetu." Hapana. Wakati anachambua kotesheni yako hiyo ni rushwa, sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 iko wazi na TAKUKURU wapo. Mkaribishe chai kwenye harusi ya mwanao.

Na hili la kwamba watu wa Tanga ni taratibu, wageni watuzoee, silikubali hata kidogo. Mvuvi wa Deep Sea, pale kwenye mialo yetu ya samaki, hachelewi maji. Tenda za serikali nazo sa hivi ziko NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, muda ukifika mfumo unafunga, hakuna wa kumbembeleza. Tunachokosea mara nyingi ni kusoma saa. Mama mmoja wa chakula alialikwa kuonjesha, barua imeandikwa 10:00, akaelewa saa kumi. Akafika jioni na hotpoti zake tatu za pilau bado la moto, kikao kilishaisha kabla ya adhuhuri, na mlinzi ndo akamwambia. Tangu hapo kila mtu wangu akipata mwaliko wa 10:00 anajibu "nitafika saa 4 asubuhi", na neno asubuhi aliandike.