Kufunza Modeli Ndogo Kutambua Hisia za Watu

Hospitali au mamlaka ya maji inayopokea maoni mengi kila siku hujiuliza: wangapi wanasifu, wangapi wanalalamika? Wengi hukimbilia modeli kubwa za akili mnemba, yaani programu zilizojifunza kutokana na mifano mingi, zinazolipiwa kwa kila matumizi. Kwa kazi hii moja si lazima. Modeli ndogo iliyofunzwa vizuri huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini, na maoni ya wananchi hubaki humo humo.

Modeli kubwa inahitajika wakati wa mafunzo tu, iwe mwalimu; modeli ndogo ndiyo mwanafunzi, hujifunza kwa kuiga majibu yake. Mtafiti wa akili mnemba Geoffrey Hinton na wenzake waliieleza mbinu hii mwaka 2015. Chukua maoni haya: "Manesi wakarimu, ila foleni inachosha." Mtu akiyapanga, ataandika neno moja: hasi. Mwalimu hutoa mgawanyo, tuseme hasi asilimia 60, chanya 30, ya kawaida 10. Utajiri wa mbinu hii uko hapo. Mwanafunzi anaambiwa kwamba kuna lalamiko, na pia kwamba sifa imo ndani yake, na ni kwa kiasi gani. Neno "hasi" peke yake lingemficha hayo yote.

Mwaka 2019 modeli ndogo ya lugha iitwayo DistilBERT ilionyesha faida ya mbinu hii: vigezo (namba ambazo modeli hujifunza) milioni 66 badala ya milioni 110 vya mwalimu wake, modeli ya BERT, kasi zaidi kwa asilimia 60, na uwezo wa kuelewa lugha ukabaki asilimia 97. Hiyo ilikuwa kwa Kiingereza.

Kwa Kiswahili nasisitiza tahadhari, kwa sababu mwanafunzi hurithi hata makosa ya mwalimu. "Hongereni kwa kutukatia maji tena" ni kejeli, lakini mwalimu asiyezoea usemi wetu anaweza kuihesabu kuwa pongezi, na mwanafunzi ataifuata hivyo hivyo. Kipimo cha usahihi wa mwanafunzi basi kitoke kwa watu. Hazina ya AfriSenti ya mwaka 2023, yenye machapisho zaidi ya 110,000 ya Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ilipangwa na wazawa wa lugha hizo.

Hata hivyo, lugha ya Twitter si lugha ya sanduku la maoni. Tenga sehemu ya maoni yenu wenyewe, ondoa majina na namba za simu, kisha wapeni wasomaji wawili wayapange kila mmoja kivyake. Wakitofautiana, aamue wa tatu. Maoni hayo yawe mtihani wa mwanafunzi, hivyo yasitumike kabisa kwenye mafunzo.