“Tutaongeza Siku Tu”: Dhana Potofu za Washauri wa Ugavi Wanaoingia Soko la Nje

Wiki iliyopita nilikaa na kampuni ya ushauri wa ugavi inayojiandaa kutoa huduma zake katika nchi ya kigeni, na hata nusu saa haijapita nikaisikia tena ile kauli ambayo kwa kweli nimechoka kuisikia: “Huko ni mbali tu. Mfumo wetu ni uleule, tutaongeza siku za usafirishaji.” Waliosema hivyo ni watu wenye uzoefu wa miaka mingi, na ndiyo maana naona nilieleze jambo hili kwa maandishi, kwa sababu mshauri akikosea hesabu hii, gharama inamwangukia mteja aliyemwamini.

Dhana: Soko la nje linatofautiana na la nyumbani kwa umbali

Umbali peke yake haulazimishi akiba kubwa ya bidhaa. Kinachoilazimisha ni kutojua mzigo utafika lini. Tuchukue bidhaa inayouzwa wastani wa vipande 100 kwa siku, mauzo yakiwa na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha kuyumba juu na chini ya wastani, wa vipande 20. Nyumbani, mzigo hufika baada ya siku 5 kwa mkengeuko wa siku 1, na ukitaka kiwango cha huduma cha asilimia 95, yaani uwezekano huo wa kutoishiwa bidhaa ukisubiri mzigo, kanuni ya kawaida ya akiba ya tahadhari (bidhaa za ziada za kujikinga) inakupa vipande 181 hivi. Sasa ipeleke bidhaa hiyohiyo mahali ambapo mzigo huchukua siku 30, lakini tuseme kila mzigo unafika siku ya 30 kamili bila kukosa. Akiba inayohitajika ni vipande vilevile 181. Safari imekuwa ndefu mara sita, na akiba ya tahadhari haikuongezeka hata kwa kipande kimoja. Ni kweli kwamba bidhaa zilizo njiani zimeongezeka na fedha zake lazima zitafutwe, lakini kiasi hicho kinajulikana tangu mwanzo. Kisha rudisha hali ilivyo kwa kawaida, yaani wastani wa siku 30 kwa mkengeuko wa siku 8, nawe utaiona akiba ikipanda hadi vipande 1,332 hivi, zaidi ya mara saba ya ile ya nyumbani.

Kanuni hii kila mshauri anaijua, na sijawahi kukutana na aliyeshindwa kuikokotoa. Tatizo ni namba wanazoingiza. Kampuni ile ya wiki iliyopita ilikuwa na jedwali lililopangwa vizuri, na kwenye mstari wa soko jipya safu ya muda wa mzigo ilionyesha 30, namba waliyopewa na wakala wa usafirishaji. Safu ya mkengeuko ilionyesha 1. Nilipouliza hiyo 1 imetoka wapi, mezani pakawa kimya, mpaka kijana mmoja alipofungua jedwali la soko la nyumbani na kutuonyesha kwamba seli ile ilinakiliwa tu pamoja na nyingine. Mteja angeagiza bidhaa kwa namba hiyo, na ndani ya miezi michache angekuwa na rafu tupu huku ripoti ikimwambia kwamba akiba yake inatosha.

Wengi hudhani kuwa kuyumba huku kunatoka baharini. Mwezi Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba Mfereji wa Suez kwa siku 6, na tangu hapo kila mpango wa dharura ninaouona una ukurasa mzima kuhusu mifereji na njia mbadala za meli. Ukurasa huo uwepo, lakini katika mafaili ninayoyapitia, siku nyingi hupotea kabla mzigo haujapakiwa na baada ya kushushwa: kiwanda kuchelewa kukamilisha oda, kontena kukosa nafasi melini, kusubiri meli ya pili kwenye bandari ya kati, na zaidi ya yote, hati zisizopatana. Niliwahi kufuatilia kontena lililokaa bandarini siku 19 kwa sababu orodha ya mzigo iliandika katoni 480 na hati ya shehena ikaandika katoni 408. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, na tozo za kuchelewesha kontena zikawa zinapanda kila siku.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wenzangu wanajua sitauacha, ni huu: usikubali wastani wa mtu yeyote. Omba tarehe halisi za mizigo 20 au zaidi iliyopita njia hiyo, na kwa kila mzigo uandike tarehe ya oda kuthibitishwa, ya mzigo kuwa tayari, ya kupakiwa, ya kushushwa, ya forodha kuuachia na ya kuingia ghalani. Hapo utaona ni hatua ipi inayoyumba, na mara nyingi ni hatua ambayo mteja anaweza kuirekebisha yeye mwenyewe bila kuongeza akiba. Wakala akikosa tarehe hizo, anza na mizigo midogo ya majaribio mpaka uwe na zako.

Dhana: Msimbo wa forodha ni mmoja dunia nzima

Tarakimu 6 za kwanza za mfumo wa HS, ule wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa misimbo, ndizo za pamoja. Zinazofuata kila nchi hujiwekea, na ushuru hutegemea hizo. Mkataba wa Uwezeshaji wa Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe uamuzi wa awali kuhusu uainishaji wa bidhaa kwa anayeuomba kwa maandishi. Uombeni kabla ya mzigo wa kwanza kuondoka. Inanisikitisha kuona ni wachache kiasi gani wanaoitumia haki hii.

Dhana: Ukinunua kwa CIF, hatari ni ya muuzaji hadi bandari ya mwisho

Hapana. Katika CIF, yaani mauzo ambayo bei yake hujumuisha bidhaa, bima na nauli ya meli, muuzaji hulipa nauli hadi huko, lakini hatari humhamia mnunuzi mzigo unapopakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea. Bima ambayo Incoterms 2020, yaani kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, inamlazimisha muuzaji wa CIF kukata ni ya kiwango cha chini tu, kwa hiyo mteja wa bidhaa zinazoharibika kirahisi adai kinga pana zaidi ndani ya mkataba.

Dhana: Kampuni ya ushauri isiyo na ofisi huko haina la kudaiwa kodi

Hili linawahusu washauri wenyewe, na linashtua zaidi likija kwa barua ya mamlaka ya kodi. Mkataba wa kielelezo wa kodi wa Umoja wa Mataifa, unaofuatwa katika mikataba mingi ya nchi mbili, unahesabu kuwa kampuni ina makao ya kudumu, yaani uwepo unaoiruhusu nchi hiyo kuitoza kodi, ikiwa wafanyakazi wake wametoa huduma nchini humo kwa jumla ya zaidi ya siku 183 katika kipindi chochote cha miezi 12. Nchi nyingine zimekubaliana siku chache zaidi, kwa hiyo someni mkataba unaowahusu, kisha muweke daftari la siku za kila mtaalamu kuanzia safari ya kwanza, hata kama ofisi bado haijakodishwa.