Fangasi ukutani: si kila doa ni la mpangaji

Wengi Dar huamini kwamba fangasi weusi ukutani ni uchafu wa mpangaji: hafungui madirisha, basi asafishe na kupaka rangi mwenyewe. Wakati mwingine ni kweli. Lakini fangasi hufuata unyevu, kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanatoka wapi.

Kausha sehemu yenye doa, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta: bomba linalovuja, paa, au maji ya ardhini. Haya ya mwisho huacha mstari wa chumvi nyeupe chini ya ukuta na rangi kubanduka. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa kupikia, kuoga na nguo zinazoanikwa ndani, hasa masika.

Bomba unalipimaje? Funga koki zote, soma mita, subiri saa moja. Namba ikisogea, kuna uvujaji.

Sheria ya Ardhi ya 1999, jengo likipangishwa sehemu tu, humwachia mwenye nyumba matengenezo ya paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Mvuke wa chumbani ni wa mpangaji, ingawa bafu lisilo na tundu la hewa ni kasoro ya ujenzi. Piga picha zenye tarehe, mpe mwenye nyumba taarifa kwa maandishi. Rangi mpya juu ya ukuta wenye maji hubanduka tu.